Tumwite Nani? Barua Yetu kwa Gurnah

Barua yetu kwa Abdulrazak Gurnah ilikwama kwenye mstari wa kwanza kwa majuma matatu. Si kwamba tulikosa la kusema. La kusema lilikuwa limejaa karatasi mbili, mbele na nyuma. Kilichotushinda ni neno lile la juu kabisa, kabla hata ya salamu. Mpendwa nani?

Ninaandika haya kwa sababu majuma yale matatu yalinifundisha kitabu chake, Paradise, kuliko miezi miwili tuliyokaa tunakisoma. Na pia kwa sababu jambo lenyewe tunalo kila siku hapa West Nile, wakimbizi na wafanyakazi wa mashirika sote: mtu mkubwa akija, tumwiteje?

Kwa wasiotujua, sisi ni kikundi cha kusoma, vijana kumi na wanne. Wengi ni Wakongo wa Lobule, kule Koboko. Wengine wanaishi Arua mjini, wanashona, wanauza vocha, wanaendesha boda. Wawili ni Wasudani Kusini. Mimi ni mhudumu wa vijana, kazi yangu ni kufungua mlango, kuhesabu vitabu na kutuliza ugomvi. Nimemaliza sekondari, basi, fasihi sijaisomea. Nakala za Paradise tulikuwa nazo mbili, zote za Kiingereza. Tafsiri ya Kiswahili ipo, inaitwa Peponi, ameifanya Ida Hadjivayanis na Mkuki na Nyota wakaitoa mwaka 2022, lakini hapa kwetu haijatufikia. Kwa hiyo tulisoma hivi: mmoja anasoma Kiingereza kwa sauti, mwingine anageuza Kiswahili, na akikwama tunamsaidia kwa Lingala, Kilugbara au Kikakwa.

Lakini kabla ya kitabu, nikiri kosa langu la zamani.

Miaka michache iliyopita mwanamuziki mmoja maarufu alikuja kufungua mashindano ya mpira kwenye makazi fulani. Simtaji, maana yeye hana kosa. Mimi nilipewa kipaza sauti nimkaribishe. Usiku kucha nilikuwa nafikiria nimwiteje. Jina lake la jukwaani ni la kujisifu, nikaona aibu kulitamka mbele ya wazee na mchungaji. Jina lake la kuzaliwa hakuna aliyelijua, ningelitaja watu wangeuliza huyo ni nani. Mheshimiwa? Si mbunge. Kaka? Hatujawahi hata kusalimiana. Nikasimama mbele ya watu, ulimi ukateleza, nikasema, "Tumpokee anko wetu!"

Watu walicheka sana. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka labda thelathini. Akanikumbatia, akacheka pia, mambo yakaenda. Shida ilikuja baadaye. Vijana walinizunguka: "Kama ni anko yako, si umwambie atununulie jezi?" Na mimi kweli nilienda. Nilimfuata mpaka kwenye gari nikiita anko, anko. Kioo kilikuwa kimeshapandishwa.

Kwa muda mrefu nilidhani aibu ile ilitokana na kukosea neno. Siku hizi naona neno lilifanya kazi yake sawasawa. Ukimwita mtu mjomba umeshaanza kuomba, hata kama hujataja kitu.

Si mimi tu niliyesumbuka hivyo. Robert Kyagulanyi alipoingia Bunge la Uganda mwaka 2017, watu waliomcheza miaka yote kama Bobi Wine walilazimika kuchagua: Bobi, au Mheshimiwa Kyagulanyi? Na jina utakalochagua linaweza kuwaambia watu uko upande gani, kwa hiyo sisi wakimbizi, ambao siasa za nchi hii si zetu, mara nyingi tunasema tu "yule mwanamuziki". Tanzania walitangulia. Joseph Mbilinyi, Sugu wa hiphop, alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010, na Joseph Haule, ambaye wote tunamjua kama Profesa Jay, akawa mbunge wa Mikumi mwaka 2015. Jukwaani Sugu, bungeni Mheshimiwa Mbilinyi. Angalau bungeni kuna kanuni, spika atakusahihisha. Huku kwetu hakuna kanuni. Juni 2017 António Guterres, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alifika Imvepi, siyo mbali na Arua. Kabla ya cheo hicho aliongoza UNHCR kwa miaka kumi, kuanzia 2005 mpaka 2015. Mama aliyetembea siku nyingi kutoka Sudan Kusini, akiwekewa mtu kama huyo mbele yake, atamwita nani? Baba? Bosi? Mzee? Nafikiri angemwita neno lile linaloweza kumpatia turubai.

Sasa Gurnah.

Huyu si mwanasiasa wala mwanamuziki. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana baada ya mapinduzi ya 1964, akafika Uingereza mwishoni mwa miaka ya sitini. Alifundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Kent mpaka akastaafu. Tarehe 7 Oktoba 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na waliompa walitaja wazi habari za ukoloni na maisha ya mkimbizi katika vitabu vyake. Inajulikana kwamba simu ilipoingia alikuwa jikoni kwake, akadhani ni mtu anamtania. Hata kwao watu walibishana wamwite nani: huyu ni Mtanzania, ni Mzanzibari, au ni Mwingereza? Wengine walisema, alipokuwa na shida hamkumwita chochote, leo ana Nobel mnamwita ndugu.

Jumamosi ya kwanza ya barua niliandika ubaoni kila jina lililopendekezwa. Dada mmoja mshonaji alisema, "Muandike tu Papa. Mutu muzima haitwi jina tupu." Mwenzake wa boda akamkatiza, "Papa ya nani? Wewe uko na papa yako Ariwara." Mwingine akataka Profesa, kwa kuwa ni kweli na hakuna atakayekosea. Mwingine Mheshimiwa. Kijana mmoja aliyefanya kazi na mashirika akasema Wazungu wenyewe wanaitana jina la kwanza, tuandike "Mpendwa Abdulrazak" na mambo yaishe. Chumba kizima kilimwonea huruma. Mtu wa umri ule, aliyezaliwa hata kabla ya baba zetu, umwite Abdulrazak kama unamwita mwenzako mtoni?

Wa mwisho akasema tuandike, "Mkimbizi mwenzetu." Hilo tulilipenda kwa dakika kama tano. Halafu mtu akauliza: yeye alipita Lobule lini? Ana kadi ya mgao? Tukalifuta.

Ndipo dada mshonaji akasema jambo lililoturudisha kwenye kitabu. "Lakini si ni yeye aliandika ile maneno ya mujomba? Tusome tena pale."

Waliosoma Paradise wanapakumbuka. Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli ndogo katika mji wa Kawa, biashara inakwenda vibaya. Mara kwa mara anapita mfanyabiashara tajiri wa pwani, Aziz, na msafara wake wa wapagazi. Mtoto anafundishwa kumwita mjomba. Mjomba Aziz ananukia vizuri, anaongea kwa upole, na kila akiondoka anamwachia Yusuf kipande cha anna kumi. Nani asiyempenda mjomba wa namna hiyo? Siku moja anaondoka na mtoto mwenyewe kwenye treni. Yusuf anadhani anakwenda kutembea. Anafika pwani, anawekwa dukani kufanya kazi na kijana anayeitwa Khalil, na Khalil ndiye anayempasulia ukweli: huyo si mjomba wako hata kidogo. Baba yako anadaiwa. Wewe ni rehani. Na kuanzia leo utamwita Seyyid.

Tuliposoma mara ya kwanza, wote tulimchukia Khalil. Tulimwona mkali, mwenye wivu, anayemnyang'anya mtoto ndugu pekee aliyebaki naye. Tuliposoma mara ya pili, na barua iko mezani haina jina, tulianza kumwona tofauti. Khalil ndiye mtu wa kwanza katika kitabu kile anayemheshimu Yusuf kiasi cha kumwambia hali yake. Wazazi hawakumwambia. Aziz hakumwambia. Neno "mjomba" lilikuwa kama kitambaa kilichofunika daftari la madeni. "Seyyid" ni neno la kumwinamia mtu, sawa, lakini halidanganyi. Linasema: huyu ana nguvu, wewe huna, jihadhari.

Tukageuza tena na tena hilo neno la Kiingereza la "uncle". Tatizo la wageuzaji wetu ni kwamba Kiingereza kina neno moja tu, sisi tunayo mengi. Ni kaka wa mama, yaani mjomba, au noko kama tunavyosema Kongo? Ni baba mdogo? Ni ami, kama watu wa pwani wanavyosema? Kila mmoja ana haki zake na wajibu wake. Noko anaweza kukudai na wewe unaweza kumdai. Baba mdogo anaweza kukulea baba akifa. Tulibishana nusu saa nzima, mpaka mmoja akasema, "Ngojeni, lakini huyu si wote hao. Ndiyo maana Kiingereza kinamfaa." Sijui kama Gurnah alikusudia hivyo. Ila nilikaa na maneno hayo wiki nzima. Neno pana lisilosema ni ndugu kwa upande gani linampa tajiri mlango wa kuingia nyumbani kwa mtu bila kubeba wajibu wa ndugu yeyote.

Nguvu ya kitabu, kwa maoni yangu, iko hapo: Gurnah hakumfanya Aziz kuwa mtu mbaya. Hapigi kelele. Hampigi mtoto. Katika kikundi chetu walikuwepo waliomtetea mpaka mwisho: "Mutu muzuri, anamulisha, anamufundisha biashara." Mwandishi dhaifu angempa Aziz mjeledi ili tusikosee. Gurnah anampa manukato. Anatuacha tuvutiwe naye kama Yusuf alivyovutiwa, halafu tujiulize kwa nini tulivutiwa.

Lakini hakutuachia Khalil awe mwalimu aliyekamilika pia. Khalil anayejua ukweli wote ndiye huyohuyo anayekimbilia kubusu mkono wa Seyyid. Naye aliletwa kama rehani, pamoja na Amina aliyelelewa kama dada yake. Hata deni la baba yake lilipomalizika, Khalil hakuondoka. Kwa hiyo jina la ukweli nalo likisemwa kila siku linaweza kuwa kamba. Na Yusuf mwishoni anaiacha nyumba ile na kukimbilia msafara wa Wajerumani wanaokusanya watu kwa vita, anakwenda kwa bwana mwingine ambaye hata hajui atamwita nani. Mmoja wetu alifunga kitabu kwa hasira pale. Alitaka mtoto akimbilie kwao. Mimi nikamuuliza, kwao wapi? Akanyamaza. Sote pale tunajua swali hilo.

Nina lawama moja. Amina, anayejua mambo ya nyumba ile kuliko wanaume wote, anapewa nafasi ya kusema karibu na mwisho. Akisema, anasema vizuri kuliko wote. Wasichana wa kikundi walitaka kumsikia mapema, na mimi nakubaliana nao. Yusuf na Khalil wanagombania kumwita mtu mjomba au Seyyid. Amina aliolewa naye. Suala la jina kwake lilikuwa zito kuliko kwao, na kitabu kinalipita haraka.

Majina yanamwandama Gurnah hata katika vitabu vingine. Katika By the Sea, cha mwaka 2001, mzee anayeitwa Saleh Omar anatua uwanja wa ndege wa Gatwick na hati yenye jina la mtu mwingine, Rajab Shaaban. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Basi kila ofisi inamwita kwa jina ambalo si lake, tena ni jina la mtu aliyegombana naye kwao, na yeye anaitika. Niliposimulia hadithi hiyo Lobule, hakuna aliyeshangaa. Kwenye karatasi yangu ya usajili jina la babu limekuwa jina langu la kwanza na herufi moja imeanguka. Nikiitwa kwenye foleni huchelewa kuitika. Yule mzee wa Gatwick anaitika haraka kuliko mimi, kwa sababu yeye anajua vizuri kwamba jina lile ni la foleni tu.

Jumamosi ya pili tulikutana Koboko. Koboko ndiko ukoo wa Idi Amin ulikotoka, na huwezi kuzungumzia vyeo hapo bila mtu kumtaja. Alijipa vyeo mpaka vikazidi pumzi ya mtangazaji: Rais wa Maisha, Field Marshal, Alhaji, Daktari, Mshindi wa Dola ya Waingereza. Julius Nyerere aliyepigana naye mwaka 1978 na 1979 aliitwa Mwalimu, kazi aliyoifanya kweli darasani, na katika chama chake watu waliitana ndugu. Vita ile ilipoisha watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Wenyeji wetu wa leo walikuwa wakimbizi kwetu. Mzee mmoja wa hapo, aliyekuwa ameegemea dirisha akitusikiliza, alituambia kwamba kule Zaire alijifunza kumwita kila mwenye kofia "shefu". "Ukikosa jina ya mutu, mupe cheo," alisema. "Cheo haikosee."

Nikaandika ubaoni: cheo haikosee. Lakini sasa ndiyo tulikuwa tumeelewa kwa nini tulikuwa tunapenda "Mheshimiwa" na "Profesa". Tulikuwa tunamwogopa. Na mtu unayemwogopa huwezi kumwambia kwamba Amina alihitaji kurasa zaidi.

Mmoja akapendekeza tuanze na "Shikamoo". Huyu ni Mzanzibari, akasema, hiyo ni salamu ya kwao, atafurahi kuisikia kutoka mbali. Sisi Wakongo shikamoo hatuitumii sana, tunasalimiana jambo na habari. Tukaulizana maana yake, na yule wa boda, aliyewahi kuishi Kigoma kambini, akaeleza kwamba watu wanasema inatoka kwenye kushika miguu ya mtu. Hapo chumba kikagawanyika. Nusu walisema mtu aliyeandika kitabu kizima juu ya watu wanaobusu mikono, sisi tumshike miguu? Nusu wakasema salamu ikishazoeleka haina tena miguu ndani yake, ni upendo tu, na mtu aliyekaa Uingereza zaidi ya miaka hamsini labda ana hamu ya shikamoo kuliko ya Nobel. Mimi nilikuwa na hao wa pili. Bado niko nao.

Hapa naomba niseme neno na wasomaji wetu wa mashirika. Sisemi ninyi ni akina Aziz. Wengi wenu mnafika na kusema, niite kwa jina langu tu, sisi ni familia. Mnasema kwa moyo mzuri, najua, mimi mwenyewe nawaambia vijana hivyohivyo. Lakini jioni mmoja wetu anatia sahihi orodha na mwingine anasubiri kuona kama jina lake limo. Ndiyo maana mnatuambia mara mia tuwaite kwa jina na bado tunasema bosi. Sio ukaidi, wala si kwamba hatujazoea. Tunafanya kama Khalil, tunakumbushana nani anashika daftari. Nanyi mkituandika "wanufaika", jueni kwamba hilo nalo ni jina la kumwita mtu, na mtu huitika kulingana na alivyoitwa.

Jumamosi ya tatu ndipo ugomvi wenyewe ulipotoka, na haukuwa wa adabu. Ulikuwa wa pesa. Rasimu yetu ilikuwa na aya ya mwisho iliyoomba vitabu, na kama inawezekana, msaada wa karo kwa wawili walioacha shule. Niliwauliza: aya hiyo iliingia lini? Hakuna aliyekumbuka. Nikaangalia rasimu za nyuma. Ile ya "Profesa" haikuwa nayo. Ile ya "Mkimbizi mwenzetu" haikuwa nayo. Iliingia siku tuliyoandika "Papa". Neno lilikuja na bili yake, kama lile "anko" langu.

Nikapendekeza tuitoe, na tuanze hivi: Mzee Gurnah, sisi ni wasomaji wako wa Arua na Koboko. Mzee, kwa sababu ni mzee, na Mkongo, Mganda na Mzanzibari wote wanalielewa. Wasomaji, kwa sababu kati ya msomaji na mwandishi hakuna rehani. Tumesoma kitabu chake, kwa hiyo tunaweza kumsifu na kumlaumu, na hatudaiwi. Nilitetea jambo hilo kama wakili. Wengi walikubali.

Msichana mmoja hakukubali. Ana miaka kumi na saba, aliacha shule akiwa Senior Three. Alisema polepole, bila kunitazama: "Wewe ulimaliza. Ndiyo maana unaweza kuwa musomaji tu. Mimi nikimuita musomaji-nini, mwaka utapita tena niko nauza mandazi. Mimi nitamuita baba. Kama hataki, akatae yeye, si wewe."

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Kila nililosema juu ya Yusuf na Aziz ni kweli, na alilosema yeye ni kweli. Mama yake Yusuf labda naye alijua kwamba yule si mjomba, akamwacha mtoto amwite hivyo kwa sababu ndani ya nyumba hakukuwa na unga. Kwangu mimi hilo linabadilisha namna ya kuisoma ile sura ya kwanza. Nilikuwa nawaona wazazi wale kama waongo. Sasa nawaona kama watu waliofanya hesabu.

Tulipiga kura mwishowe, ikawa hivi: barua ya kikundi inaanza na Mzee Gurnah, ina shikamoo, inamsifu kwa Aziz na kumlaumu kwa Amina, haiombi kitu, na imetiwa sahihi na watu kumi na watatu, kila mmoja kwa jina analoitwa nyumbani, siyo lile la kwenye kadi. Tumeipeleka posta ya Arua, kwa anwani ya mchapishaji wake London.

Ndani ya bahasha hiyohiyo kuna karatasi ya pili, imekunjwa mara nne. Hiyo ni ya msichana wetu. Aliniomba nimsahihishie tahajia tu, nisiguse kingine. Nilisahihisha maneno manne. La kwanza kabisa lilikuwa sahihi tangu mwanzo: Baba.